Nusu, Nusu, Mpaka Vimelea Viishe

Njooni, watoto wa Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na wa Kakola. Nanyi wa Shinyanga mjini msibaki nyuma. Mnayajua yale mashimo yanayoachwa na wachimbaji wadogo? Mvua ikinyesha yanajaa maji, na mbu wa malaria hutaga humo mayai yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Mbu hao wakimuuma mtu akaugua malaria, zahanati humpa dawa mseto, ALu, iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa 2006. Ndani yake mna dawa mbili. Ya kwanza ni kama mchimbaji mwenye nguvu: anapasua mwamba kwa haraka, kisha anaondoka. Ya pili hubaki nyuma siku kadhaa, ikichekecha mchanga mpaka chembe ya mwisho.

Sasa tutajuaje kama yule wa kwanza bado ana nguvu? Tusimuulize mgonjwa. Homa yaweza kushuka huku vimelea vya malaria bado vimejaa damuni. Kipimo cha haraka nacho hakifai hapa, maana mabaki ya vimelea vilivyokufa hukifanya kiendelee kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa.

Kinachotakiwa ni slaidi. Kidole kinachomwa, tone la damu linatandazwa kwenye kioo na kupakwa rangi ya Giemsa. Mtaalamu wa maabara anainamia hadubini, anahesabu vimelea pamoja na chembe nyeupe za damu, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Akipata vimelea 100, anazidisha kwa 40: ni 4,000 katika mikrolita moja, kitone kidogo mno. Saa chache baadaye, kidole tena, slaidi tena, mpaka damu iwe safi. Kazi hii inachosha macho, na wanaoifanya vizuri hawasifiwi vya kutosha.

Halafu inakuja hesabu, nayo ni tamu. Tuseme mgonjwa alianza na vimelea 64,000 katika mikrolita moja. Dawa ikivipunguza kwa nusu kila baada ya saa 3, baada ya saa 24 vitabaki 250. Ikichukua saa 6 kuvipunguza kwa nusu, muda uleule ukipita vitakuwa bado 4,000. Chukueni kalamu mhakikishe. Wataalamu wakiona nusu inachukua zaidi ya saa 5, wanaanza kushuku kuwa vimelea vimejifunza kustahimili dawa.

Hilo limeshatokea jirani. Mwaka 2022, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao walifuatilia wagonjwa wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Siku ya tatu, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa bado na vimelea damuni. Mabadiliko ya vinasaba yaitwayo R561H, yaliyokwishaonekana Rwanda, yalikutwa huko pia. Ajabu ni kwamba ALu bado iliwaponya walio wengi, kwa sababu yule mchekechaji alimaliza kazi. Lakini Kagera inapakana na Geita, na wachimbaji huhama kufuata dhahabu, wakibeba vimelea damuni mwao.

Kwa hiyo, mkipewa ALu, mezeni dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana dawa ya pili hainyonywi vizuri tumbo likiwa tupu. Na homa ikiwa bado ipo siku ya tatu, mwambieni mama au baba awarudishe zahanati, mkapimwe kwa slaidi.