Kukaza shokapu: kitenzi kimoja, kazi tatu

Dereva wa bodaboda apandaye vilima vya Goba, jijini Dar es Salaam, akiwa na abiria na gunia la mkaa, husikia shokapu za nyuma za pikipiki yake kuukuu zikigonga kila avukapo shimo. Afikapo gereji humwambia fundi: "Nikazie shokapu." Fundi humwelewa, kwa kuwa pikipiki iko mbele yao. Mfasiri wa kitabu cha matengenezo hana msaada huo. Akiandika *kaza shokapu* na kuishia hapo, msomaji aweza kufanya kazi isiyokusudiwa.

Nomino. *Shokapu* (ngeli ya i-/zi-) ni kifaa kizima cha kupunguza mtikisiko: springi pamoja na bomba lenye oili. Wapo wasemao *shokomzoba*, hasa kwa magari. *Springi* ni sehemu inayobonyea na kurudi. Kamusi huliorodhesha pia neno *kamani*, lililotoka Bara Hindi na ambalo chimbuko lake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. *Chemchemi* si mbadala wa maneno hayo: hiyo hububujika maji.

Kitenzi. *Kukaza shokapu* hubeba maana tatu:

1. *Kukaza nati* zinazoishikilia shokapu kwenye fremu.

2. *Kukaza springi*, yaani kuzungusha ringi yenye vidato ili springi ibanwe zaidi kabla ya kubeba mzigo. Hapa kitenzi hupotosha. Springi haiwi ngumu zaidi. Pikipiki huinuka, na nafasi ya kubonyea chini ya mzigo uleule huongezeka. Ugumu hutegemea unene wa waya, upana wa mizunguko na idadi yake. Atakaye springi ngumu hana budi kuibadilisha.

3. *Kuzuia mrusho*. Shokapu inapobonyea na kurudi, oili hulazimika kupita katika matundu madogo, na ugumu wa kupita huko ndio unaoituliza springi. Katika shokapu za mbele, fundi huweza kuongeza uzuiaji huo kwa kutia oili nzito zaidi. Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki za zamani hazina pa kurekebishia; zikichoka, hubadilishwa.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu. Sili ikichakaa, oili huvuja na uzuiaji hupungua. Pikipiki ikivuka tuta, huendelea kurukaruka. Kukaza springi hakuponyi kasoro hiyo: hakurudishi oili wala hakuzibi sili. Gurudumu lirukalo halishiki barabara, na gurudumu lisiloshika barabara halisimami kwa breki. Kwa dereva ashukaye mteremko wa Goba akiwa na abiria, kosa la kitenzi huwa hatari ya mwili.

Ushauri wa matumizi. Katika mazungumzo ya gereji, *kaza shokapu* inatosha. Katika maandishi, kitenzi kipewe yambwa yake halisi:

- *Kaza nati za shokapu ya kushoto.*
- *Ongeza mkazo wa awali wa springi kwa kidato kimoja.*
- *Badilisha oili na sili za shokapu za mbele.*

Walimu waweza kuitumia mifano hii kuonyesha kuwa yambwa si pambo la sentensi. Katika maelekezo ya ufundi, ndiyo inayomwonyesha msomaji mahali pa kuweka spana.