Kiti cha Kabambare

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imempangia mbunge mwaka wake. Kikao cha kwanza hufunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa 15 Juni. Cha pili huanza 15 Septemba na kumalizika 15 Desemba. Miezi inayobaki huitwa likizo ya bunge, lakini si ya kulala. Mheshimiwa anatakiwa arudi kwa waliomchagua, awasikilize, kisha aandike ripoti. Kwa mbunge wa Kinshasa, kurudi huko ni kuwasha gari tu. Wa Kabambare hupanda ndege hadi Kindu, akateremka kusini kilomita zaidi ya 200 hadi Kasongo, halafu akageukia mashariki kwa pikipiki au gari la kuvuka matope, mvua ikimruhusu.

Kiti hicho cha mbali ndicho kilichomkuza Emmanuel Ramazani Shadary. Alizaliwa Kasongo tarehe 29 Novemba 1960, miezi mitano tu baada ya uhuru, akasomea sayansi ya siasa Lubumbashi. Miaka ya kwanza ya utawala wa Laurent-Désiré Kabila ilimkuta katika uongozi wa mkoa wa Maniema, kwanza kama naibu gavana, baadaye kama gavana. Chama cha PPRD kilipoundwa mwaka 2002 kumuunga mkono Rais Joseph Kabila, mwanawe Laurent-Désiré, alikuwa miongoni mwa waliokijenga. Uchaguzi wa Julai 2006 ulipofika, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, watu wa Kabambare walimpeleka Bunge la Taifa. Mwaka 2011 wakamrudisha.

Nchi hii ya kusini mwa Maniema ilizoea siasa kabla haijaona sanduku la kura. Mvumbuzi Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, akisubiri miguu yake ipone kabla ya kuendelea hadi Nyangwe, ambako Julai 1871 aliona watu wakipigwa risasi sokoni. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu, wenye mashamba ya mpunga na misikiti, hadi jeshi la kikoloni la Dhanis lilipouteka Aprili 1893. Mpunga umebaki, Uislamu umebaki, na Kiswahili nacho kimebaki, kile kinachoitwa Kingwana. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipita wakiongozwa upande huu na Gaston Soumialot, na kwa miaka mingi baadaye Kabila baba alijificha na wapiganaji wake katika milima ya Fizi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kabambare. Mama yake Joseph Kabila, Sifa Mahanya, ni Mbangubangu, na Wabangubangu ndio wenyeji wa Kabambare. Hesabu hiyo ya ujomba haiandikwi kwenye fomu ya mgombea, lakini hakuna mpiga kura asiyeijua.

Kwa hiyo Shadary hakuingia bungeni kama mgeni wa ikulu. Alichokifanya humo ndani, hata hivyo, hakikuwa kutunga sheria za kukumbukwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu. Alifika kuwa kiongozi wa kundi la wabunge wa PPRD, na katika bunge la viti 500, lenye vyama vingi kiasi kwamba hakuna awezaye kuvitaja vyote kwa kichwa, kiongozi wa kundi kubwa ndiye anayejua nani yumo ukumbini, nani amesafiri bila ruhusa, nani ananung'unika kwa kukosa nafasi, na nani atapiga kura ya ndiyo hata usiku wa manane. Ni kazi isiyopendeza machoni pa watu. Wenye kuifanya vizuri hawasifiwi na magazeti, ila rais huwakumbuka.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya umri mrefu wa mbunge wa Kongo, na majimbo mengi hayalioni jambo hili kwa sababu yanatazama hotuba. Lakini umri huo hurefushwa na mambo mengine pia: tuanze na kalenda. Bunge lililochaguliwa Novemba 2011 lilipaswa kumaliza muda wake baada ya miaka mitano. Uchaguzi haukufanyika 2016, haukufanyika 2017, ukaja kufanyika tarehe 30 Desemba 2018. Katiba inasema mbunge hubaki kitini hadi bunge jipya lianze kazi, basi muhula wa miaka mitano ukavutwa hadi karibu saba. Maseneta walipata zaidi: waliochaguliwa Januari 2007 walikaa hadi 2019, miaka 12 kwa kura moja. Mtu akikuambia kwamba fulani ni mbunge wa siku nyingi, muulize kwanza ni siku ngapi alizopewa na wapiga kura na ni ngapi alizopewa na uchaguzi usiofanyika.

Kisha yupo mbadala. Kila mgombea ubunge Kongo huandika kwenye fomu yake majina ya watu wa kumrithi kiti. Akiteuliwa waziri, mbadala anaingia ukumbini. Kabla ya 2011 aliyeteuliwa alikuwa amekiaga kiti; marekebisho ya katiba ya Januari mwaka huo yakasema akitoka serikalini anarudi kukaa pale pale. Ndiyo maana wengi humwandika mke, mtoto au ndugu wa karibu, mtu atakayekilinda kiti bila kukizoea mno. Wapiga kura hawalitilii maanani jina hilo la pili. Ni kosa, kwa sababu huenda huyo ndiye atakayewawakilisha kwa miaka kadhaa.

Desemba 2016, siku ambazo muhula wa mwisho wa Kabila ulikuwa unakwisha na Kinshasa imejaa askari, Shadary aliteuliwa naibu waziri mkuu mwenye wizara ya mambo ya ndani na usalama. Hapo jina lake likavuka Maniema. Kasai ilikuwa inawaka kwa vita vya wanamgambo wa Kamwina Nsapu; Kongo Kati polisi walikuwa wanapambana na wafuasi wa Bundu dia Kongo; mijini waandamanaji walikamatwa. Wapinzani walimbandika jina la "Coup sur coup", yaani pigo juu ya pigo. Tarehe 29 Mei 2017 Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo, ukazuia safari na mali zake, ukisema kwamba yeye kama waziri alibeba dhamana ya nguvu iliyotumiwa na polisi. Serikali ya Kinshasa ilivikataa vikwazo hivyo kama uingiliaji. Wizara hiyo hiyo ndiyo iliyopeleka bungeni sheria mpya ya uchaguzi ya Desemba 2017, ile iliyoweka kizingiti cha asilimia moja ya kura za nchi nzima kwa orodha za wagombea ubunge. Kwa vyama vidogo vyenye nguvu katika mkoa mmoja tu, kizingiti hicho kilikuwa ukuta.

Februari 2018 aliiacha wizara kwa Henri Mova, yeye mwenyewe akashika chama kama katibu wa kudumu. Tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kupokea fomu, Kabila akamtaja kuwa mgombea urais wa muungano wa FCC. Wapo waliotarajia mtu mwenye jina kubwa zaidi. Mimi sikuona ajabu: anayeondoka madarakani akitaka kubaki karibu nayo hamchagui nyota, anachagua mtu aliyethibitisha kwa miaka mingi kwamba hutii na hulinda mstari. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2019 yalimpa Félix Tshisekedi asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83 na Shadary 23.84. Fayulu aliyapinga, na maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema hayalingani na waliyoyakusanya. Lakini tazama upande wa pili wa karatasi: FCC hiyo hiyo, iliyoshika nafasi ya tatu kwa urais, ilipata zaidi ya viti 300 vya bunge. Mgombea alishindwa, kundi alilolizoea kulihesabu likashinda. Ushindi huo ulidumu chini ya miaka miwili. Mwishoni mwa 2020 Tshisekedi alivunja ushirikiano, na wabunge waliochaguliwa kwa bendera ya Kabila wakahamia kwa makumi Muungano Mtakatifu wa Tshisekedi. Nidhamu ya kundi ilikuwa imeegemea ikulu kuliko imani.

Na Kabambare yenyewe? Katika miaka hiyo hiyo Maniema ilikuwa na bahati ambayo mikoa mingine iliionea wivu: wana wake walikuwa madarakani. Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016. Alexis Thambwe Mwamba alishika mambo ya nje, kisha sheria, akaja kuwa spika wa Seneti mwaka 2019. Shadary alikuwa na polisi wote wa nchi chini yake. Wakati huo, katika eneo lake la uchaguzi, huko Salamabila, mgodi wa dhahabu wa Namoya wa kampuni ya Banro ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Haukupata amani. Wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye mashimo yao walikuwa na malalamiko, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wakayashika malalamiko hayo kwa bunduki, magari yakavamiwa, wafanyakazi wakatekwa, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Mpunga, mawese na karanga vikaendelea kusukumwa kwa baiskeli kuelekea Kasongo, na kutoka hapo kuvuka Lualaba kutafuta reli ya Samba.

Sisemi mbunge mmoja angezuia haya. Bajeti ya nchi haimilikiwi na mheshimiwa, na barabara hazijengwi kwa hoja ukumbini. Ila Salamabila lilikuwa jambo la usalama, na waziri wa usalama alikuwa mbunge wa hapo. Swali hilo halihitaji uadui kuliuliza.

Mwaka 2023 PPRD ilisusia uchaguzi, kwa hiyo Kabambare na Kasongo zikachagua wabunge bila bendera iliyotawala karatasi zao tangu 2006. Aprili 2025, baada ya taarifa kwamba Kabila ameonekana Goma iliyoshikwa na waasi wa M23, wizara ya mambo ya ndani ilisimamisha shughuli za chama hicho katika nchi nzima. Agizo lilitoka katika wizara ile ile aliyoiongoza Shadary, na aliyekuwa akikishikilia chama hicho Kinshasa kama katibu wa kudumu ni yeye.