Mbolea ya Mforosadi

Kiwavi wa hariri ni mdudu mlafi kweli kweli. Akitoka katika yai ni mdogo kama sisimizi. Siku 25 hivi zikipita, uzito wake umeongezeka karibu mara 10,000. Chakula chake ni kimoja tu, majani ya mti uitwao mforosadi. Mpe majani ya mgomba au ya maharage, atakufa njaa juu yake.

Katika maisha hayo mafupi hujivua ngozi mara nne. Baada ya mara ya nne hula siku saba hivi, mchana na usiku, na katika siku hizo humaliza zaidi ya robo tatu ya majani yote ya maisha yake. Mtu akiingia nyumbani mwa viwavi wakati huo husikia sauti kama mvua ndogo juu ya migomba. Kisha kiwavi huacha kula, hutoa uzi kinywani, na kujizungushia mpaka afichike ndani ya kifuko. Uzi wa kifuko kimoja waweza kupita mita 1,000.

Uzi huo umetoka wapi? Hariri ni protini, na protini haipatikani bila nitrojeni. Kiwavi huipata nitrojeni katika jani, jani huipata katika mzizi, na mzizi huipata katika udongo. Basi udongo ukiwa maskini, majani huwa madogo, magumu, ya rangi ya manjano. Viwavi hula wasishibe, na vifuko vyao huwa vyepesi. Mnunuzi hupima kwa mizani, na kazi ya mwezi mzima huleta fedha kidogo tu.

Tena mforosadi huibiwa kila siku. Ng'ombe akila malishoni, mavi yake hubaki palepale. Lakini majani ya viwavi huchumwa na kupelekwa nyumbani. Kilo moja ya vifuko vibichi hutaka karibu kilo 20 za majani. Asiyerudisha kitu shambani atavuna vizuri mwanzoni, halafu atashangaa.

China ilianza kazi hii maelfu ya miaka iliyopita, na siku hizi viwavi hawa hufugwa hata Kenya na Rwanda. Mtu wa Masisi akitaka kuwafuga, samadi haiko mbali, kwa kuwa vilima vile ni vya ng'ombe. Taabu yake ni mteremko. Samadi ikitupwa juu juu tu, mvua huibeba pamoja na udongo mpaka mtoni, na mto Lowa huipeleka chini Walikale bila malipo! Afadhali apande miti kwa mistari inayokata mteremko, achimbe mfereji mfupi upande wa juu wa kila mti, atie samadi na kufukia. Pia awakinge viwavi na baridi ya usiku, maana hupenda joto la nyuzi 24 hadi 28.

Walikale joto lipo, ila ng'ombe ni wachache, na udongo wa msitu uliofyekwa huchoka upesi kwa mvua nyingi. Huko mtu hufanya lundo: majani mabichi, maganda ya ndizi, mavi ya mbuzi na kuku, majivu kidogo. Hulifunika kwa majani ya migomba mvua isilioshe, naye huligeuza mara kwa mara kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Samadi mbichi isitiwe, kwa sababu huchoma mizizi. Iliyoiva ni nyeusi, haina harufu mbaya, na huvunjika mkononi kama udongo wa msituni. Wakati wake ni mwanzo wa mvua, miti ikiisha kukatwa matawi. Mbolea ya dukani hufaa pia, lakini ikizidi majani hujaa maji, na viwavi huugua. Tumbaku isipandwe karibu: sumu yake ikifika katika majani ya mforosadi, viwavi hufa.

Hata kinyesi cha viwavi na mabaki ya majani yao ni mbolea njema, nayo hutiwa katika lundo. Lakini viwavi wakiwa wamekufa kwa ugonjwa, uchafu wao hufukiwa shimoni mbali na nyumba na shamba, na vyombo vyao huoshwa na kuanikwa juani kabla ya kuleta mayai mengine.