Chanjo ya kuizuia fentanili isifike ubongoni

Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliripoti katika jarida la Nature habari za tumbili wa maabara aliyezoea kujidunga heroini mwenyewe kwa kuendesha mtambo. Walimpa chanjo iliyotengenezwa kutokana na mofini, kisha wakamrudisha kwenye mtambo wake. Heroini ikamtoka rohoni. Kokeini akaendelea nayo kama zamani. Kipimo cha heroini kilipoongezwa sana, chanjo ikazidiwa. Nusu karne baadaye, watafiti wa chanjo za dawa za kulevya wangali wanahangaika na mambo hayohayo.

Kinga ya mwili hutambua virusi na bakteria, lakini molekuli ya fentanili, dawa ya jamii ya afyuni kama heroini, ni ndogo mno kuishtua. Kwa hiyo wanakemia huchukua kitu kinachofanana nayo na kukifunga kwenye protini kubwa ambayo mwili hauwezi kuipuuza, mara nyingi ile itokanayo na sumu ya pepopunda au dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali. Mwili ukiikabili protini hiyo, hujifunza pia kutengeneza kingamwili za kuikamata dawa yenyewe.

Kati ya damu na ubongo kuna ukuta unaofanya kazi kama chujio la tui. Fentanili hupenya kwa wepesi. Ikishikwa na kingamwili, ambayo ni kubwa kuliko yenyewe mara mia kadhaa, hubaki upande wa damu. Hapo mtumiaji halewi. Na, lililo kubwa zaidi, ile sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji haiguswi. Dawa za jamii ya afyuni huua kwa kuigusa sehemu hiyo: mtu husinzia, pumzi hupungua, kisha hukatika.

Miligramu 2 tu za fentanili zinaweza kumuua mtu. Huko Marekani huchanganywa kwenye heroini, kokeini na vidonge bandia, na wengi huimeza bila kujua. Mwaka 2022 dawa za kulevya ziliua watu zaidi ya 107,000 nchini humo, na zaidi ya theluthi mbili ya vifo hivyo vilihusishwa na fentanili na dawa nyingine za aina yake. Vifo vimepungua tangu wakati huo, ila bado ni vingi mno. Naloksoni humzindua aliyezidiwa, lakini lazima awepo mtu wa kumpulizia puani, naye awahi. Wengi hufa wakiwa peke yao. Kwa aliyechanjwa, kingamwili huwa zimo damuni tayari, na hapo ndipo chanjo hii inapostahili kupiganiwa.

Mwaka 2022 kundi la Colin Haile katika Chuo Kikuu cha Houston lilionyesha kwamba panya waliochanjwa walikingwa dhidi ya fentanili, na kingamwili zao hazikuigusa mofini. Maana yake daktari wa upasuaji bado angebaki na dawa ya kutuliza maumivu. Kwa binadamu, chanjo ya oksikodoni, dawa nyingine ya jamii ya afyuni, iliyotengenezwa na kundi la mtafiti Marco Pravetoni ilianza kujaribiwa mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Tahadhari inahitajika, kwani njia hii imewahi kuvunja watu moyo. Katika jaribio la chanjo ya kokeini lililochapishwa mwaka 2009, ni asilimia 38 tu ya waliochanjwa waliopata kingamwili za kutosha. Chanjo ya nikotini ilishindwa mwaka 2011 katika hatua ya mwisho ya majaribio. Isitoshe, mtu aliyekingwa dhidi ya fentanili anaweza kuhamia dawa nyingine.

Tena chanjo haigusi arosto. Haipunguzi maumivu ya mwili, wala hamu, wala yaliyomfikisha mtu kwenye sindano. Kazi hiyo hufanywa na methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 kwa waraibu wa heroini jijini Dar es Salaam, pamoja na ushauri nasaha. Itakuwa kosa kubwa serikali yoyote ikipunguza fedha za kliniki kama hizo kwa kuisubiri chanjo.

Chanjo ikipatikana, wa kufikiriwa kwanza ni mraibu anayetoka gerezani. Mwili wake umesahau dawa, na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Utafiti wa mwaka 2007 katika jimbo la Washington uligundua kwamba, katika wiki 2 za kwanza baada ya kufunguliwa, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Kingamwili huhitaji dozi kadhaa na wiki kadhaa kujijenga, hivyo mfungwa angepaswa kuanza kuchanjwa angali ndani. Lakini ridhaa yake lazima iwe ya kweli, na kuachiwa kwake kusitegemee kukubali sindano.