Bar-Kays Hawakuishia Ziwani: Kweli au Si Kweli?

Jumapili ya tarehe 10 Desemba 1967, ndege ndogo ya mwimbaji Otis Redding ilianguka katika Ziwa Monona, mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ndani yake walikuwamo watu wanane. Saba walikufa, na wanne kati yao walikuwa wanamuziki wa Bar-Kays, bendi ya vijana kutoka Memphis. Naipenda bendi hii kwa dhati, na huniuma kila ninaposikia historia yake ikikatwa pale ziwani kana kwamba baada ya hapo hakuna kilichopigwa. Basi tuyapime yanayosemwa.

"Bar-Kays walikuwa wapiga vyombo wa Otis, basi."

Si kweli. Walikuwa na jina lao kabla ya safari za kupiga na Otis. Wengi wao walisoma sekondari ya Booker T. Washington, na wakitoka darasani walishinda kwenye studio za kampuni ya muziki ya Stax. Al Jackson, mpiga dramu wa Booker T. & the M.G.'s, ndiye aliyewanoa. Mwaka 1967 walitoa "Soul Finger", kibao ambacho hakina mwimbaji, kikapanda hadi nafasi ya 17 katika chati kuu ya Marekani. Zile kelele za watoto unazozisikia humo ni za watoto wa mtaani waliokuwa wakicheza nje ya studio. Waliitwa ndani wapige mayowe, na ujira wao ukawa soda za Coca-Cola. Otis aliwachukua kwa sababu tayari walikuwa wanachemka.

"Ndio waliopiga 'Dock of the Bay'."

Si kweli. Wimbo ule Otis aliurekodi na Booker T. & the M.G.'s, bendi ya studio ya Stax, na gitaa ni la Steve Cropper aliyeutunga pamoja naye. Bar-Kays walikuwa bendi yake ya safarini.

"Alinusurika mmoja tu."

Kwa upande wa ndege, kweli. Mpiga tarumbeta Ben Cauley hakujua kuogelea. Alikuwa amelala, akaamka ndege ikiwa mashakani, akafungua mkanda, na alipojikuta majini alishikilia mto wa kiti uliokuwa ukielea. Aliwasikia wenzake wakiomba msaada na hakuweza kuwafikia. Jimmy King wa gitaa, Ronnie Caldwell wa kinanda, Phalon Jones wa saksofoni na Carl Cunningham wa dramu, vijana waliokuwa bado hawajamaliza hata miaka ya ujana wao, wote walikwenda.

Kwa upande wa bendi, si kweli. Walibaki wawili. Mpiga besi James Alexander hakuwamo kwenye ndege ile kwa kuwa viti havikutosha, akasafiri na ndege ya kawaida ya abiria. Hadi leo, anapotajwa Cauley, Alexander husahaulika, na hapo ndipo hadithi inapoharibika. Bila yeye hakuna Bar-Kays wa pili, wale walioundwa upya baada ya ajali.

"Bar-Kays wa pili walikuwa bendi ya kopi, wakiishi kwa nyimbo za marehemu."

Si kweli hata kidogo, na hili ndilo kosa linalonikera kuliko yote. Njia rahisi ilikuwapo: kutafuta vijana wanne, kuwafundisha nyimbo za Otis nota kwa nota, kisha kuzunguka nchi wakiuza huzuni. Watu wangejaa ukumbini. Cauley na Alexander hawakuifuata. Waliwaleta watu wapya, miongoni mwao Michael Toles wa gitaa na Willie Hall wa dramu, wakakubali kwamba watu wapya watakuja na mkono wao.

Isikilize *Hot Buttered Soul* ya mwimbaji Isaac Hayes, ya mwaka 1969. Albamu nzima ina nyimbo nne tu. Mmoja una dakika 12, mwingine unapita 18, wakati redio zilitaka dakika 3. Wanaoibeba subira ile ni Bar-Kays wapya: besi ya Alexander inatembea polepole bila kuyumba, dramu ya Hall inashika pale pale, na gitaa la Toles linaunguruma kama lina neno la kusema. Hiyo si kazi ya watu wanaonakili. Mwaka ule ule Dar es Salaam ilipiga marufuku soul katika kumbi zake kwa hoja ya kulinda utamaduni. Kumbe Memphis kwenyewe soul ilikuwa inabadilika sura, inanyooshwa, inaelekea kuwa fanki.

"Gitaa la 'Shaft' ni lao."

Nusu kweli. Bar-Kays walishiriki katika muziki wa filamu hiyo ya mwaka 1971, na yale matoazi yanayochapwa harakaharaka mwanzoni ni mkono wa Willie Hall. Lakini gitaa linalolia kama mtu anayesema ni la Charles Pitts, mpigaji wa Isaac Hayes.

"Walipogeukia fanki na mavazi ya kumetameta, waliusaliti urithi."

Si kweli. Mwimbaji Larry Dodson alipojiunga, bendi ilipata sauti na sura mpya. Tarehe 20 Agosti 1972 walipanda jukwaani Los Angeles katika tamasha la Wattstax, mbele ya watu zaidi ya 100,000 waliolipa kiingilio cha dola moja. Umati ule ulikwenda kusherehekea, na wao waliwapa sherehe. Anayetaka warithi wavae suti za mwaka 1967 milele anadai sanamu. Na tukumbuke, "Soul Finger" yenyewe ilikuwa ngoma ya kuchezwa.

"Stax ilipokufa, nao walikufa."

Si kweli. Stax ilifilisika mwishoni mwa mwaka 1975. Mwaka 1976 Bar-Kays walihamia kampuni ya Mercury wakatoka na "Shake Your Rump to the Funk", na mwaka 1984 wakarudi kwenye chati na "Freakshow on the Dance Floor". Jengo la Stax lilibomolewa mwaka 1989. Mahali pale pale, mwaka 2003, pakafunguliwa makumbusho ya muziki wa soul, na jirani yake ipo shule inayofundisha vijana wa Memphis kupiga na kuimba muziki huo. Cauley alifariki mwaka 2015.

"Wale wanne wa ziwani wamesahaulika."

Si kweli. James Alexander alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la mpiga saksofoni wake. Mtoto huyo alikua akawa mtayarishaji wa muziki, anajulikana kama Jazze Pha, na ndiye aliyetengeneza "1, 2 Step" ya mwimbaji Ciara iliyochezwa kila mahali mwaka 2005. Jina lake halisi ni Phalon Alexander.