Bendi ya LC3 Iliyokolea Haijathibitisha Kitu

Juzi nililetewa picha nyingine ya western blot ya protini ya LC3: bendi mbili, ya juu LC3-I, ya chini LC3-II, na ile ya chini imekolea kama wino. Swali ni lile lile: "Mwalimu, si autofajia imeongezeka?" Hapana. Autofajia ni seli kumeng'enya taka zake, na hujaipima bado.

Kingamwili ya monokloni dhidi ya LC3 ni chombo kizuri. Molekuli zake zote zimetoka kwenye ukoo mmoja wa seli, kwa mbinu iliyotolewa na Köhler na Milstein mwaka 1975, na kila moja inashika sehemu ile ile ya protini. Lakini inakuonyesha tu LC3 iliyokuwemo dakika ulipozivunja seli. LC3-II ni umbo la LC3 linalokaa kwenye utando wa kifuko kinachozoa taka za seli. Kifuko kikiungana na lisosomu, taka humeng'enywa, na LC3-II iliyo ndani humeng'enywa nazo. Kwa hiyo bendi hukolea vifuko vikitengenezwa vingi, na hukolea vilevile vikikwama. Ukiona foleni ya malori kwenye mizani, huwezi kusema mizigo inafika kwa wingi bandarini. Pengine mizani imeharibika tangu asubuhi.

Chukua klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima utotoni, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ziwekee seli klorokwini, LC3-II itapanda sana. Je, seli zinajisafisha? La, zimezuiwa, maana klorokwini inakwamisha kazi ya lisosomu. Sasa kuna watu wanauza vidonge vya "kuamsha autofajia" na kubandika bendi moja nyeusi kama ushahidi. Picha hiyo hiyo ingetoka kwa dawa inayoziba njia, na mnunuzi hana namna ya kujua. Hilo linanikera, kwa sababu watu wanatoa pesa zao. Linanikera zaidi nikiliona kwenye tasnifu: dondoo la majani limekolesha bendi, mwandishi ameshaliita tiba, kumbe hajauliza kama lisosomu bado inafanya kazi.

Fanya hivi. Andaa sampuli nne: seli tupu, dawa yako peke yake, kizuizi cha lisosomu (kama bafilomaisini) peke yake, na dawa pamoja na kizuizi. Linganisha mbili za mwisho. Dawa ikiongeza LC3-II juu ya ile ya kizuizi pekee, hapo una la kusema. Pima kwa kulinganisha na aktini, siyo na LC3-I, maana kingamwili nyingi huishika LC3-II kwa nguvu zaidi. Pima pia p62, protini inayomeng'enywa na autofajia. Tumia utando wa kuhamishia protini wenye matundu ya mikromita 0.2, maana LC3 ni ndogo. Weka pia seli zisizo na jeni ya ATG5, ambazo haziwezi kutengeneza LC3-II. LC3-II ikionekana humo, kingamwili yako inashika kitu kingine. Andika namba ya kloni ya kingamwili. Na kama bafilomaisini ni ghali, tumia klorokwini iwe kizuizi chako.