Ubongo Ukiugua, Moyo Nao Hutetereka

Katika vitabu vingi vya bayolojia, moyo na ubongo hutengewa sura mbalimbali, kana kwamba ni majirani wasioamkiana. Mwanafunzi hukariri vyumba vinne vya moyo muhula huu, na sehemu za ubongo muhula ujao. Kwa maoni yangu, mpaka huu wa vitabuni waweza kugharimu maisha ya mtu.

Ni kweli kwamba moyo hujizalishia umeme wake. Katika chumba chake cha juu cha kulia mna fundo dogo la chembe liutoalo umeme huo, na hata moyo uliopandikizwa, neva zake zikiwa zimekatwa, huendelea kudunda, tena kwa kasi kuliko kawaida. Mbona basi yetu hutulia? Kwa sababu ubongo umeishika hatamu. Neva iitwayo vagasi huupunguza mwendo wa moyo, ilhali neva za simpathetiki huuchapuza. Mwaka 1921 Otto Loewi aliisisimua vagasi ya moyo wa chura, kisha akauhamishia moyo wa chura mwingine maji yaliyotoka katika ule wa kwanza. Huo wa pili nao ukapunguza mwendo! Hivyo ikadhihirika kwamba neva huuamuru moyo kwa njia ya kemikali, na mwaka 1936 Loewi akatunukiwa Nobel pamoja na Henry Dale.

Sasa msomaji atazame hatari yenyewe. Mshipa wa damu ukipasuka juu ya ubongo, neva za simpathetiki huweza kuumwagia moyo noradrenalini nyingi ghafla, zikaidhuru misuli yake. Mwaka 1954 George Burch na wenzake, huko Marekani, walieleza michoro ya umeme wa moyo ya wagonjwa wa kiharusi: mawimbi ya T yalikuwa makubwa ajabu, aghalabu yamepinduka chini, na muda uitwao QT umerefuka. Mchoro kama huo humhadaa daktari mwenye haraka. Atadhani mshipa wa moyo umeziba, naye atoe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo, iokoayo wengine, humzidishia huyu kuvuja damu ubongoni.

Kwa hiyo maelezo ya walio karibu na mgonjwa yana thamani kuu. Je, kichwa kilimuuma ghafla kuliko wakati wowote maishani mwake? Alitapika? Shingo imekakamaa? Mwanafunzi alalamikaye hivyo, walimu wenzangu, hastahili kuitwa mvivu wala kupewa tembe mbili na kurudishwa darasani. Apelekwe hospitali mara moja, na yote yaliyoonekana yasimuliwe huko.

Kuna na upande wa pili, ambao naona umesahauliwa zaidi. Kifafa, ugonjwa wa ubongo, chaweza kuubadilisha mdundo wa moyo. Lakini pia wapo vijana waangukao na kutukutika kwa sababu umeme wa moyo wao una hitilafu ya kurithi, ubongo ukikosa damu kwa muda. Hao nao huitwa wenye kifafa, na wengine hupelekwa kwa waganga kuaguliwa. Mtoto azimiaye akikimbia, akiogelea au akishtushwa na kengele, na hasa ikiwa jamaa yake alifariki ghafla akiwa kijana, apimwe umeme wa moyo. Kipimo hicho hakiumi, nacho huchukua dakika chache tu.